Roketi asubuhi, nyota usiku: kambi ya watoto ya Agosti pale Ikweta inapokatiza Maseno, karibu na Kisumu

Mzazi akisikia kuna kambi ya likizo inayofundisha watoto kurusha roketi na kusoma nyota, maswali mawili humjia kwa pamoja. Roketi kwa watoto, si hatari? Halafu, roketi na nyota vimekutanishwa na nini? Waandaaji hujitahidi kulijibu la kwanza na kuliruka la pili, na hapo ndipo kambi hugeuka kuwa siku tatu za kurusha chupa na usiku mmoja wa kupokezana darubini chini ya mawingu. Tuanze na la pili.

Kinachoviunganisha ni pembe. Roketi ikifika kileleni hakuna utepe wa kupimia utakaoifikia, na nyota ndiyo kabisa. Vyote viwili hupimwa kwa jicho na digrii. Chukua kipimapembe cha nusu duara kutoka mkebe wa jometri, bandika mrija wa soda kwenye ukingo wake ulionyooka, funga uzi wa sentimita 30 katikati ya ukingo huo, na mwishoni mwa uzi ning'iniza nati ya chuma. Mtoto akichungulia mrijani kuelekea upeo wa macho, uzi unakaa kwenye 90. Akiinua mrija, uzi unasogea, na tofauti kati ya 90 na namba anayoisoma ndiyo pembe ya kitu alichokilenga. Kifaa hicho kimoja kinapima roketi asubuhi na nyota usiku. Kila mtoto atengeneze chake siku ya kwanza, kabla hajagusa chupa yoyote.

Maji badala ya baruti

Roketi ndogo zinazouzwa Marekani na Ulaya huendeshwa na injini za karatasi zilizoshindiliwa baruti. Hupangwa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, na kila herufi hufikia mara mbili ya nguvu za iliyoitangulia. Hapa Kenya baruti iko chini ya Sheria ya Vilipuzi, kwa hiyo kuziagiza ni safari ya vibali. Kuchanganya baruti mwenyewe kambini kusiruhusiwe hata kwa maonyesho.

Maji na hewa iliyoshindiliwa hufanya kazi hiyo vizuri kuliko watu wanavyodhani. Chukua chupa ya soda ya lita 2, tia maji mililita 650, jaza hewa mpaka geji isome baa 4, yaani karibu psi 60. Ikiachiliwa, maji hutoka mdomoni kwa kasi inayokaribia mita 28 kwa sekunde na kuisukuma chupa kwa takriban nyutoni 300, wakati roketi nzima na maji yake ina uzito wa nyutoni 8 tu. Maji yote huisha katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Jumla ya msukumo huo, yaani nguvu mara muda, ni kama nyutoni-sekunde 16, kiasi cha injini ya baruti ya herufi D. Watoto huona chupa ikitoweka na wingu la ukungu likibaki pale ilipokuwa.

Watoto watauliza kwa nini wasijaze maji zaidi ili nguvu iongezeke. Swali hilo ndilo somo lenyewe, kwa hiyo msiwape jibu. Wapeni chupa tatu. Ya kwanza robo maji, ya pili theluthi, ya tatu nusu, zote kwa baa 4. Iliyojaa nusu huanza ikiwa nzito na hewa yake ni kidogo, hivyo presha huporomoka kabla maji hayajaisha. Yenye maji machache sana humaliza kinachosukumwa mapema, na hewa iliyobaki huondoka kwa mlio bila kuibeba mbali. Karibu na theluthi ndipo chupa nyingi hufanya vizuri.

Chupa, mapezi na pua

Nunueni chupa za soda, kamwe zisiwe za maji ya kunywa. Ya soda imetengenezwa kustahimili gesi hata ikiachwa juani. Itambueni kwa kitako chake chenye miguu mitano ya mviringo. Ya maji ina ukuta mwembamba na haikuundwa kwa presha. Msiikwaruze kwa msasa, kwa sababu mkwaruzo ndio mahali ufa unapoanzia. Msitumie gundi ya moto wala gundi kali ya matone: ya kwanza huikunja plastiki, ya pili huifanya ikauke na kuvunjika kama kioo. Tepu pana inatosha kushika mapezi.

Kabla ya chupa kurushwa mara ya kwanza, ijaribuni kwa maji. Ijazeni maji mpaka juu kabisa pasibaki hewa, kisha pandisheni presha hadi baa 6, mara moja na nusu ya ile mtakayotumia. Maji hayashindiliki, kwa hiyo hayahifadhi nguvu. Chupa mbovu itapasuka kwa mlio mdogo na kumwaga maji tu. Hewa peke yake kwa presha hiyohiyo ingeirusha vipande vipande. Chupa iliyoonyesha alama nyeupe, iliyobonyea au iliyopigwa chini kwa pua istaafishwe, na hata iliyo nzima isivuke safari 15.

Mapezi matatu au manne ya katoni ngumu, kila moja sentimita 10 kwa 8, yabandikwe karibu na mdomo wa chupa, kwa kuwa mdomo ndio mkia wa roketi. Yafunikwe tepu yote, la sivyo yatalowa kwenye mrusho wa kwanza na kulegea kwenye wa pili. Kitako cha chupa ndicho pua: wekeni koni ya karatasi ngumu yenye gramu 50 hadi 100 za udongo wa mfinyanzi ndani ya ncha.

Udongo huo una kazi. Roketi husafiri wima ikiwa kitovu cha uzito wake kiko mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, kwa umbali usiopungua upana wa roketi yenyewe. Kwa chupa ya lita 2 upana huo ni kama sentimita 11. Kitovu cha uzito ni rahisi kukipata: isawazisheni roketi tupu juu ya uzi na wekeni alama inapotulia. Kwa kile kingine, chora umbo la roketi kwa ubavu kwenye katoni, likate, ulisawazishe juu ya rula. Linapotulia ndipo kitovu cha msukumo wa hewa kilipo, kwa makadirio yanayotosha kambini. Mwisho fungeni uzi wa mita 2 au 3 kwenye alama ya uzito na muizungushe roketi kichwani. Ikielekeza pua mbele, iko tayari. Ikiyumba au ikitanguliza mkia, ongezeni udongo puani au pezi mkiani, kisha mjaribu tena.

Makosa ya mrusho husomeka angani. Roketi inayopinduka mara inapotoka ina pua nyepesi. Inayojizungusha kama pia ina pezi lililopinda. Ile inayoinama kuukabili upepo ina mapezi makubwa kupita kiasi au imetoka na kasi ndogo, na hapo kosa huwa kwenye presha.

Mwavuli wa kuishusha mara nyingi hudhaniwa utatoka kwenye mfuko wa plastiki, kama michoro ya nchi nyingine inavyoelekeza. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na wala haihitajiki: kitambaa cha mwamvuli mbovu wa mvua ni chepesi, hakishiki maji na kimeshakatwa duara. Upana wa sentimita 60, nyuzi 8 za urefu sawa. Ukunjwe kwa kulegea na uwekwe chini ya koni iliyokaa bila kubanwa, ili roketi ikigeuka kileleni koni idondoke na kuuvuta nje. Koni ikikaza mno mwavuli haufunguki. Ikilegea mno hutoka pale pale chini. Bila mwavuli, chupa ya gramu 200 inayoanguka kutoka mita 40 hugonga ardhi kwa karibu kilomita 80 kwa saa, kasi ya juu inayoruhusiwa matatu barabarani. Ikiwa na mwavuli huo hushuka kwa kama mita 4 kwa sekunde.

Kirushio na uwanja

Kirushio rahisi ni kizibo cha mpira kilichotobolewa na sindano ya kujazia mipira ya kandanda. Kinafaa kuonyesha wazo tu. Kasoro yake ni kwamba roketi huondoka inapotaka, kizibo kinaposhindwa, na wakati huo mara nyingi kuna mtoto aliyeinama juu yake akitazama kwa nini haiondoki.

Kirushio cha kambi kiwe cha kuachilia kwa kamba. Bomba la chuma la nusu inchi husimama wima na kuingia ndani ya shingo ya chupa; mpira wa duara wanaouita mafundi wa maji oringi huzuia hewa. Nendeni na chupa mkononi dukani kwa vifaa vya ujenzi: bomba liingie bila kulazimishwa na lisichezecheze. Kuzunguka bomba panga vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya, 8 hadi 12, vichwa vyao vikiishika ile pete ya shingoni mwa chupa. Kipande cha bomba pana huteleza juu ya vichwa hivyo na kuvibana. Kamba ya mita 10 ikivutwa, kipande kinashuka, vichwa vinafunguka, chupa inaondoka. Mpira wa hewa kutoka pampu uwe na urefu wa mita 5 au zaidi. Upande wa pampu pawe na valvu ya kutolea hewa. Bila hiyo, roketi iliyokwama haina njia ya kutulizwa ila kwa mtu kuikaribia, na hilo halifanywi.

Mpigapampu avae miwani ya kukinga macho, na wengine wote wakae mita 15 au zaidi. Kwa watoto 24 gaweni vikundi 6 vya watoto wanne. Kila kikundi kikirusha mara 10 ni mirusho 60, na mrusho mmoja huchukua kama dakika 5, kwa hiyo kirushio kimoja kitakula saa 5 nzima. Tengenezeni viwili. Maji yake ni mitungi miwili ya lita 20.

Saa ya kurusha ni asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Mchana upepo wa ziwani hupanda kuelekea nchi kavu, na alasiri mawingu ya radi hukusanyika. Mwavuli hukaa hewani sekunde 10 hivi. Upepo unaoinua vumbi na karatasi huenda mita 6 kwa sekunde au zaidi, na roketi itaangukia mita 60 nje, kwenye miwa ya jirani. Upepo ukifika hapo, simamisheni. Ngurumo ya kwanza ikisikika kila mtu aingie ndani, maana upande huu wa nchi radi huua watu. Mkiwa karibu na njia ya ndege za Kisumu, ongeeni kwanza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na wasomaji wa Nakuru wasishawishike na ukingo wa volkeno ya Menengai: upepo wa pale utawabebea roketi hadi ndani ya shimo.

Roketi imefika wapi?

Mpimaji asimame mita 50 kutoka kirushio, umbali uliopimwa kwa utepe. Hesabu ya hatua haitoshi. Roketi ikifika kileleni asome pembe. Tuseme uzi umekaa kwenye 52: 90 ukitoa 52 ni digrii 38. Tanjenti ya 38 ni 0.781, mara 50 ni mita 39. Ongeza kimo cha jicho la mtoto, mita 1.3, roketi imefika kama mita 40. Wasiofika tanjenti shuleni wachore pembetatu kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 5 na wapime kwa rula. Watapata jibu lilelile, na wengine wataielewa vizuri kuliko wenye kikokotoo.

Kosa la digrii moja hapo ni mita moja na nusu. Mpimaji akisogea hadi mita 15, kosa hilohilo linavuka mita 2, na shingo imekunjwa mpaka roketi yenyewe haionekani. Kosa linalotokea zaidi ni la kusahau kutoa kwenye 90. La pili ni roketi kupeperushwa kumwelekea mpimaji, ikaonekana imepanda kuliko kweli. Wekeni wapimaji wawili pande mbili zinazotazamana, kisha chukueni wastani wa majibu yao: anayeona juu mno na anayeona chini mno hurekebishana.

Kivuli, kisha giza

Katikati ya siku kuna jaribio moja lisilohitaji hata chupa. Simamisheni kijiti cha mita 1 wima, mweke alama mwisho wa kivuli kila dakika 5. Katikati ya Agosti, hapo Maseno, kivuli kifupi zaidi kina urefu wa kama sentimita 25 na kinaelekea kusini, kwa sababu jua la mwezi huo hupita digrii 14 kaskazini mwetu. Watoto watashangaa kwamba hakitokei saa sita kamili. Hutokea kama dakika 45 baadaye. Saa za Kenya hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao haupiti Kenya hata kidogo, nasi huku magharibi jua hutufikia limechelewa. Anayetafuta kaskazini kwa kivuli cha saa sita ataikosa.

Hapo hapo wasimulieni watoto kuhusu beseni. Kwenye vibao vya Ikweta huwa kuna mtu wa kuonyesha maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuamua hilo kwenye beseni. Yanavyomiminwa ndivyo yanavyozunguka.

Mzunguko huo una faida nyingine iliyo kubwa. Kwenye Ikweta ardhi husafiri kuelekea mashariki kwa karibu mita 465 kwa sekunde, na roketi inayorushwa kuelekea huko huanza safari na kasi hiyo bure. Ndiyo sababu Waitaliano walikuja Ngomeni, karibu na Malindi, na kurusha kutoka jukwaa la baharini la San Marco kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Uhuru, ilitoka pale setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza eksirei za angani. Iliitwa Uhuru. Mtoto wa Kisumu anayejifunza kurusha chupa anastahili kulijua hilo kabla ya majina ya nchi za mbali.

Usiku wenyewe

Agosti si mwezi wa anga safi magharibi mwa Kenya. Mawingu ya alasiri mara nyingi hubaki mpaka usiku na kutawanyika kuelekea alfajiri. Pangeni vipindi viwili vifupi: saa moja na nusu hadi saa tatu usiku, na saa kumi hadi saa kumi na moja alfajiri. Kimoja kikizibwa, kingine huokoa kambi.

Chagueni juma kwa kufuata mwezi. Anayetumia kalenda ya Kiislamu analo jibu tayari: tarehe 5 hadi 8 ya mwezi mwandamo. Mwezi huwa nusu, mashimo yake yakionekana vizuri karibu na mpaka wa mwanga na giza, nao huzama karibu na usiku wa manane na kuiacha alfajiri giza totoro. Mwezi mpevu hufuta nyota na hauonyeshi mashimo, kwa kuwa vivuli havipo.

Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na skrini ya simu huharibu kazi hiyo mara moja. Tochi zifunikwe kitambaa chekundu. Mavazi yawe ya mikono mirefu na soksi, na dawa ya kufukuza mbu ipakwe, maana huu ni ukanda wa malaria na mbu wake huuma saa hizohizo za nyota. Walale kwenye vyandarua.

Kazi ya kwanza ni kupima moyo wa kundi la nyota la Nge, ile nyota nyekundu iitwayo Antares. Katikati ya Agosti hufika juu kabisa, upande wa kusini, karibu saa moja na nusu usiku. Hapo Maseno vipimo vizuri vitakaribia digrii 63 na nusu. Mombasa, nyota hiyohiyo usiku huohuo husimama kama digrii 4 juu zaidi. Mkiwa na shule rafiki pwani, badilishaneni namba kwa simu: tofauti hiyo ndiyo umbali wa latitudo kati yenu, nao watoto wameupima kwa mrija na nati. Antares hufika hapo mapema kwa dakika 4 kila usiku, na kambi ya siku tano inatosha kuliona hilo.

Kusini magharibi Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, inakuwa inazama. Kwa kuiona vizuri subirini likizo ya Aprili, inaposimama digrii 30 juu ya upeo wa kusini huku kundi la Dubu Mkubwa likiikabili kutoka kaskazini. Ni watu wa karibu na Ikweta tu wanaoziona zote mbili zikiwa juu namna hiyo.

Alfajiri huja Kilimia, kishada kidogo cha nyota ambacho wakulima wa pwani walikitumia kukisia mvua, na nyuma yake kundi la Jabari na mkanda wake wa nyota tatu. Mtoto ahesabu za Kilimia kwa macho matupu. Wengi huona sita. Kisha apewe darubini ya macho mawili ya 7 kwa 50, yaani inayokuza mara 7 kwa lenzi za milimita 50, ahesabu tena. Hiyo ndiyo ya kununua kwanza, si ile ya miguu mitatu ya bei rahisi inayotetemeka kwa upepo na kumkatisha mtoto tamaa. Kama sayari ya Mshtarii iko juu, darubini hiyohiyo ikiegemezwa kwenye nguzo itaonyesha miezi yake mikubwa kama nukta zilizopangana. Tarehe 12 na 13 Agosti kuna vimondo vya Perseidi. Mahali angani vinapoonekana kuchimbuka huku hapapandi zaidi ya digrii 32 upande wa kaskazini, kwa hiyo vichache vitaonekana, na vingi kati ya hivyo alfajiri.

Anayepanga kambi ya 2027 aanze mapema. Tarehe 2 Agosti mwaka huo jua litapatwa kikamilifu kaskazini mwa Afrika, na Kenya tutaona sehemu yake mchana. Mtoto asilitazame jua kwa miwani ya kawaida, filamu ya eksirei wala darubini. Toboa karatasi ngumu kwa pini, isimamishe juani, shika karatasi nyeupe mita 1 nyuma yake: jua litaangukia hapo likiwa na upana wa milimita 9, na pembeni yake pameumwa.